Muulize Mwalimu: Twende Materuni, au tubaki nyumbani?

Barua za mwezi huu karibu zote ni za maji. Wasomaji wanauliza maporomoko yapi, waende lini, na kama yanafaa kupotezewa siku nzima. Nimechagua nne. Ya kwanza nitaijibu kwa kirefu, kwa sababu njia anayoiulizia huyu mama inapita juu ya shamba letu.

Shikamoo Mwalimu. Tunakaa Njiro, Arusha, na watoto wetu wawili, wa miaka 6 na 11. Kina mama wa shuleni kwao wana kikundi cha WhatsApp, na wanapanga safari ya siku moja kwenda maporomoko ya Materuni, Moshi, Jumamosi ya mwisho ya Aprili. Ni Sh 75,000 kwa mtu mzima na nusu yake kwa mtoto, humo mna usafiri, kiingilio, kahawa na chakula cha mchana. Wakati wa kurudi watapitia chemchemi ya Chemka watoto waogelee. Mama yangu mzazi yuko kwetu. Ana miaka 68, goti moja linamsumbua, lakini ameshasema naye anakwenda. Mume wangu anasema maji ni maji, na kama shida yetu ni maji, mto Themi upo hapa hapa, tena bure. Gari tunayo, Toyota IST. Mwalimu, hii safari inalipa kweli? (Mama wa Njiro)

Marahaba mama. Baba watoto msalimie, na usimbeze, maana hoja yake ina uzito kuliko anavyodhani.

Mimi nakaa Uru, kwenye mteremko wa mlima Kilimanjaro. Magari ya wageni yanapanda asubuhi na kushuka alasiri mbele ya macho yangu, na kwa kuwa nilifundisha jiografia maisha yangu yote ya kazi, siwezi kumwona mtu ana tope hadi magotini nikaacha kumuuliza ametoka wapi na ameona nini. Wanaoshuka wakicheka mara nyingi ni wale waliokuja wakijua wanakuja kutembea. Wanaoshuka wamenuna walikuja kuona maji. Maporomoko yenyewe ni mita 80 hivi za maji yanayoangukia kidimbwi chini ya ukuta wa mwamba. Utayatazama, utapiga picha, utalowa manyunyu, utaanza kutetemeka, na baada ya robo saa utasema haya jamani, turudi. Sehemu kubwa ya siku itakuwa barabara, njia ya miguu, kahawa na chakula. Hizo ndizo unazolipia, kwa hiyo tuzipime hizo.

Tuanze na tarehe, kwa sababu yenyewe tu inatosha kuvunja mpango. Masika upande huu wa mlima ni Machi hadi Mei, na Aprili ndiyo yenyewe. Ni kweli maji huwa mengi kupita wakati wowote mwingine, na picha nyingi mnazorushiana kwenye makundi zilipigwa majira hayo. Lakini udongo wetu ni wa volkano, mwekundu, na ukishiba mvua unakuwa sabuni.

Njia yenyewe si ndefu. Kutoka pale kijijini mnapolipia hadi chini ya maporomoko ni dakika 45 hadi saa moja kwa mtu mzima asiye na haraka, na kurudi vivyo hivyo. Mwanzoni mnapita kwenye vihamba vya watu: migomba juu, mibuni chini yake, magimbi kando ya mfongo (mfereji wa maji ya shamba), na ng'ombe wa ndani anawachungulia kwenye upenyo wa mbao za zizi. Waambie watoto watazame hiyo mifongo. Wazee waliichimba kwa majembe na kuipitisha ubavuni mwa vilima kabla mmisionari Mjerumani Rebmann hajauona huu mlima mwaka 1848, na mingine bado inapeleka maji shambani kwa zamu hadi leo.

Mbele kidogo njia inabana. Upande mmoja una kingo ya udongo yenye mizizi iliyolainika kwa kushikwashikwa na wapita njia, upande wa pili ni bonde. Mto unausikia chini lakini huuoni. Kuna mahali watu wawili hawapishani mpaka mmoja ajibanze kwenye ile mizizi na kumpisha mwenzake, na wenyeji wanapita hapo na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani bila kupunguza mwendo. Wewe usiwaige. Mwishoni mnashuka korongoni, mawe makubwa, yenye ukungu wa kijani. Kiangazi, mtoto wa miaka 6 anapita hapo mwenyewe ameshikwa mkono. Mwisho wa Aprili atabebwa, na anayembeba atakuwa anateleza. Kwa hiyo mama, Aprili hapana. Waambie wenzako wasogeze hadi shule zifunge Juni. Masika yanakuwa yamekatika, maji bado mengi, njia imeanza kushika. Baridi itakuwepo, Juni na Julai Uru tunalala na mablanketi mawili, ila baridi inatibika kwa sweta.

Sasa bibi yao. Watu hudhani goti baya linasumbuliwa na kupanda. Kupanda ni kazi ya mapafu, unapumzika njiani unaendelea. Goti linaumizwa na kushuka, na Materuni kushuka kukali kunakuja mwishoni, kwenye mawe, halafu mguu uliokwisha kuuma unatakiwa upande tena kurudi. Njiani hakuna gari wala bodaboda ya kumwokoa. Nimewahi kuona mama wa rika langu analetwa juu na vijana wanne kwa zamu, na aibu aliyokuwa nayo ilimuumiza kuliko goti.

Lakini usimwache nyumbani. Hapo kwenye kahawa ndipo pake. Ziara nyingi za Materuni huambatana na kuonyeshwa kahawa kwenye uwanja wa nyumba ya mtu, na mimi naona hicho ndicho kipande bora cha siku nzima. Buni zilizokauka zinatwangwa kwenye kinu cha mti kutoa ganda, zinapepetwa kwa ungo, zinakaangwa kwenye chungu juu ya kuni mpaka zipasuke na kung'aa, zinatwangwa tena, zinachemshwa, zinachujwa. Anayetwanga anaimbiwa, na anayeimba vibaya anachekwa. Mwanao wa miaka 6 atataka mchi mwenyewe, mpeni. Ombeni kabla ya safari kwamba nyinyi mkienda kwenye maji, bibi abaki hapo uwanjani. Atapewa kiti, atapewa kikombe, na akikutana na mzee wa nyumba watazungumza habari za bei ya kahawa mpaka mtakaporudi. Huku kwetu hayo hayaishi: mbegu ililetwa na mapadri Kilema mwishoni mwa karne ya 19, KNCU, chama cha ushirika, kikaanzishwa mwaka 1933 kuuza kahawa ya wakulima wenyewe, watoto wakasomeshwa kwa kahawa, kisha bei ikaanguka na wengine wakang'oa mibuni wakapanda nyanya. Kila mzee ana upande wake katika hiyo hadithi, na hana haraka ya kuimaliza.

Kama bibi anasisitiza kuona maji kwa macho yake, basi badilisheni safari yote mwende Marangu. Ni mbali zaidi, kama kilomita 40 kutoka Moshi kupitia Himo, lakini ni lami, na maporomoko ya Kinukamori yako karibu kabisa na Marangu Mtoni. Ni madogo. Mtu aliyeona Materuni atayadharau. Ila mtu wa miaka 68 anayafikia na anarudi na heshima zake, na pale juu kuna sanamu ya Makinuka, binti wa hadithi aliyepata mimba kabla ya ndoa, akaja kujitupa majini, akabadili nia, na alipogeuka arudi akakuta chui amesimama nyuma yake. Wasichana wa miaka 11 wanaipenda hadithi hiyo kuliko sisi wazazi tunavyotaka. Msimpeleke bibi Kilasiya siku hiyo hiyo. Ni Marangu huko huko, yanapendeza kuliko Kinukamori, lakini mteremko wake hauna huruma.

Watoto na kuogelea. Hapa nitawavunja moyo kidogo. Maji ya Materuni yanatoka juu msituni na ni baridi ya kuuma mifupa. Vijana huingia kwa ajili ya picha, wanapiga kelele, wanatoka. Mtoto mdogo ataingiza vidole vya miguu, basi. Chemka ni habari nyingine: maji ya uvuguvugu, yanaonekana mpaka chini, kuna kamba ya kurukia. Lakini Chemka iko kule Hai, unaingilia Boma Ng'ombe, na barabara yake ni vumbi na mashimo. Arusha hadi Moshi ni kilomita 80, na ukihesabu vijiji, matuta na askari wa barabarani, ni saa mbili. Ongeza kupanda Uru, kutembea, kahawa, chakula, kisha Chemka jua likizama, kisha Arusha usiku na watoto wamelala na nguo mbichi. Wanaoishi Moshi hufanya vyote viwili kwa siku moja na wanaweza. Nyinyi wa Arusha chagueni kimoja. Watoto wakisema wanataka kuogelea tu, basi nendeni Chemka na msije Materuni kabisa, sitakasirika.

Bei. Watu wazima watatu na watoto wawili kwa hesabu yenu ni Sh 300,000. Waulize waandaaji vipande vyake: usafiri ni wa gari gani na watu wangapi, kiingilio cha kijiji kimo, mwongozaji mmoja anaongoza watu wangapi, kahawa imo, na chakula ni nini. Hilo la chakula wengi hulipuuza. Kuna wanaopikiwa kijijini mtori wa moto na ndizi nyama, na kuna wanaopewa chipsi zilizofungwa Moshi asubuhi, wanazila saa nane zikiwa zimeganda, wakiwa wamekaa katikati ya migomba. Mwongozaji mmoja kwa watu 30 pia ni sawa na kutokuwa naye. Kwa kuwa mna gari, mnaweza kuja wenyewe, mkalipia kila kitu kijijini, mkachukua mwongozaji wenu peke yenu mkaenda kwa mwendo wa mtoto wenu mdogo. Kiangazi IST inafika, kwa dereva asiyeogopa mlima: ni kilomita 15 hivi tu kutoka Moshi, lakini mnapanda kutoka chini ya mita 900 hadi juu ya mita 1,500. Mvua ikiwa imenyesha usiku, iacheni Moshi mjini mpande daladala au mkodi gari la juu.

Njooni na viatu vyenye meno. Raba nyeupe za kanisani ziacheni Njiro. Fimbo mtapata kwa vijana wa kijijini, kodini bila kuona haya. Msisimame chini kabisa maji yanapoangukia, kwa sababu maji hayaji peke yake, huja na mawe na matawi. Na jambo moja ambalo nilikuwa nawaambia wanafunzi wangu kila tulipokwenda mtoni: mvua inaweza kuwa inanyesha juu mlimani nyinyi mkiwa juani. Mkiona maji yamebadilika rangi yakawa ya udongo, au yanaleta majani na vijiti ambavyo havikuwepo, tokeni korongoni papo hapo, picha mtapiga juu.

Jibu langu basi: Juni, mje wenyewe au na kundi dogo, bibi abaki kwenye kahawa, Chemka iwe siku nyingine. Kwa namna hiyo inalipa. Kwa namna mlivyoandikiwa kwenye WhatsApp, mume wako yuko sahihi, nendeni Themi.

Mambo Mwalimu, samahani, shikamoo. Nina miaka 26, nafanya kazi Dar, na kwa mwezi napata Jumamosi moja tu ya kwangu. Nimeona video ya maporomoko ya Sanje, Udzungwa, nimechanganyikiwa kabisa. Nikitoka Ijumaa usiku na basi, nikapanda Jumamosi, nikageuza usiku, Jumapili asubuhi niko kwaya. Vipi? (Kijana wa Tabata)

Poa, na marahaba. Kwenye ramani inawezekana. Kwenye mwili wako haiwezekani, na kwaya watakutambua.

Dar hadi Mikumi ni kama kilomita 300. Pale unaiacha barabara kuu, unashika ya Ifakara, unapita Kidatu na mashamba ya miwa ya Kilombero, mpaka Mang'ula, kilomita nyingine 60 hivi. Kabla ya hapo basi linakatisha Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50, na humo hakuna dereva mwenye akili anayekimbia: wanyama wanavuka, na ukimgonga mmoja faini yake unalipa kulingana na mnyama. Utafika umekunjamana. Kisha ofisi ya hifadhi, malipo, mwongozaji, halafu ndiyo uanze kupanda. Malipo ya hifadhi za taifa hayapokelewi mkononi, andaa simu au kadi, na kitambulisho cha uraia usikisahau, maana bei ya Mtanzania na ya mgeni ni vitu viwili tofauti kabisa.

Nami Sanje nayapenda mno kuona mtu anayafanyia haraka. Yanashuka kwa ngazi, jumla kama mita 170, na mzunguko wake unakula saa nne hadi tano ukiwa na pumzi. Udzungwa ni hifadhi tangu 1992, kilomita za mraba 1,990, na ndani hakuna barabara za magari. Kila kinachoonekana humo kinaonekana kwa miguu. Kuna mangabei wa Sanje, tumbili mkubwa ambaye wanasayansi walikuja kumtambua mwaka 1979 na hapatikani popote duniani isipokuwa milima hiyo. Anayekwenda mbio kwa sababu ya basi la usiku hamwoni. Atasikia majani yanatikisika juu, ataambiwa na mwongozaji, "wale pale", na atakuwa ameshapita. Omba ruhusa ya Ijumaa moja, lala Mang'ula usiku mmoja kabla na usiku mmoja baada. Hapo utakuja kuniandikia tena, na barua itakuwa tofauti.

Kwa Jumamosi yako moja, panda treni ya SGR asubuhi hadi Morogoro. Tangu ilipoanza mwaka 2024, safari hiyo haifiki saa mbili, na ndiyo imefanya milima ya Uluguru iwe ya kwenda na kurudi kwa mtu wa Dar. Kutoka mjini chukua mwongozaji, lipia kibali cha msitu, panda hadi Morningside, kwenye nyumba ya zama za Wajerumani. Njiani kuna vijito na maporomoko madogo madogo, hayana sifa kwenye video, lakini unayafikia bila umati. Ukikaa pale juu ukanywa maji yako, kumbuka kwamba mto Ruvu unaanzia milima hiyo hiyo, na ndio unaojaza ndoo zenu huko Tabata siku bomba likiamua kutoa. Kata tiketi ya kurudi kabla hujaondoka, treni za jioni za wikiendi hujaa.

Mwalimu, shikamoo. Oktoba iliyopita tulikwenda na wenzangu wa ofisini kwenye maporomoko fulani, nisiyataje. Tulitembea juani, tukafika, maji membamba, yanashuka upande mmoja wa jiwe tu. Kulikuwa na makundi matatu, spika inapiga muziki, tukapanga foleni ya kupiga picha. Aliyetupeleka akasema sisi hatujui kufurahia asili. Je, ni kweli? (Mhasibu, Singida)

Marahaba. Si kweli, na huyo aliyewapeleka alijua alichokuwa akikiuza.

Maporomoko ni mto, na mto una majira. Oktoba ni mwisho wa kiangazi katika sehemu kubwa ya nchi yetu, vuli hazijaanza au ndiyo zinaanza kudondoka. Hata Mosi-oa-Tunya (Victoria Falls), mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, ambayo yakiwa yamejaa Aprili huwezi kuzungumza ukasikika, ikifika Oktoba na Novemba upande wa Zambia unabaki ukuta mkavu sehemu kubwa. Kalambo, huko mpakani kwa Sumbawanga, yanaruka zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja, na kiangazi kikikaza yanakonda vibaya. Yale yanayotoka kwenye misitu ya milima mikubwa huvumilia zaidi, kwa sababu msitu unanyonya mvua na kuitoa polepole. Yale yaliyo chini ya vilima vilivyofyekwa hufurika Aprili na kufa Septemba. Ukiambiwa jina la maporomoko, uliza juu yake kuna nini. Kama juu ni mahindi hadi kileleni, nenda mara tu baada ya mvua au usiende.

Na uliza picha ya wiki hii. Sisemi nzuri, nasema ya wiki hii, mwandaaji ana simu na mwongozaji wa kule ana simu. Asiyeweza kupata picha moja iliyopigwa Jumanne iliyopita hana mtu kule, amechukua picha za mtandaoni kama wewe.

Spika ni suala la siku na saa. Jumamosi na sikukuu, kuanzia saa tano hadi saa tisa, makundi yote yanakutana chini ya jiwe moja kwa sababu yote yaliondoka mjini saa mbili. Anayefika saa mbili asubuhi ana korongo lote peke yake. Ofisi ikiwapa Jumatano, chukueni Jumatano. Vinginevyo beba uvumilivu, na kwa mwenye spika, mwambie kwa upole apunguze. Mimi humwambia, na kwa umri huu wanapunguza.

Kuhusu fedha zenu, kama mliandikiwa kwamba mtaogelea na maji hayakutosha kuogelea, dai sehemu. Kama mliandikiwa "kutembelea maporomoko" tu, mmetembelea.

Habari Mwalimu. Mimi niko Nakuru. Baba yangu ana miaka 74, anatembea na mkongojo tangu apate kiharusi kidogo. Alikuwa dereva wa lori, amezunguka Kenya yote, lakini anasema Thomson's Falls alikuwa akipita tu bila kusimama. Ndugu zangu wanasema ni kumtesa mzee. Nimpeleke? (Binti wa Nakuru)

Njema, binti yangu. Mpeleke, na usingoje sikukuu.

Thomson's Falls, yaliyo mjini Nyahururu, hayana mambo ya Materuni. Kutoka Nakuru ni kama kilomita 65 za barabara nzuri, na maporomoko yako pembeni kabisa ya mji. Unashuka garini, unalipa kiingilio, unatembea hatua chache kwenye nyasi, na mto Ewaso Narok unaanguka mita 74 mbele yako ukiwa umesimama kwenye uzio. Mskoti Joseph Thomson alipita hapo mwaka 1883, ndiyo jina, na mji wenyewe ulikuwa ukiitwa hivyo hivyo kabla ya kuitwa Nyahururu. Kuna ngazi za kushuka hadi chini kwa wenye magoti, ni nyingi, ni kali na huwa mbichi kwa manyunyu. Ndugu zako wanaosema utamtesa mzee, washushe hao. Baba abaki juu na kiti. Chukua kiti cha kukunja kutoka nyumbani, kwa sababu vya pale huenda vikawa vimekaliwa.

Mvishe koti zito. Mji uko juu ya mita 2,300, na ingawa ikweta iko hapo karibu, upepo wa pale haujui ikweta. Nendeni asubuhi, mawingu hupenda kushuka mchana, na mle baadaye mjini. Mwache atazame atakavyo bila kumharakisha. Dereva wa lori aliyepita mahali miaka yote bila kusimama ana mengi ya kukueleza kuhusu ile barabara, muulize alikuwa akibeba nini na kwenda wapi. Na pale langoni kuna wacheza ngoma waliovaa kimila, watamzunguka mara moja kwa sababu ya mkongojo wake na tabasamu. Kubalianeni bei kabla ya picha ya kwanza.